Broila 11 wamekufa ndani ya siku sita, wote vibonge, na dawa haisaidii

SWALI: Shikamoo dokta. Nina broila 120, leo wana siku 33. Ndani ya siku sita wamekufa 11, karibu wote madume na ni wale wakubwa wakubwa, asubuhi nawakuta chali miguu juu. Jioni walikula vizuri tu, hakuna kuharisha, hakuna mafua. Gumboro na kideri nilichanja kwa ratiba. Jirani anasema ni kideri hicho hicho, muuza dawa kanipa antibaiotiki ya kwenye maji leo siku ya tatu na bado wanakufa. Nimesoma kwamba broila wana ugonjwa wao wa kifo cha ghafla, mi naona ndo huo. Huku usiku kuna baridi kwa hiyo nashusha maturubai pande zote na nawawekea jiko la mkaa ndani. Mmoja nilimpasua nikaona maji ya njano tumboni, nikajua nyongo imepasuka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Umeeleza vizuri kuliko wengi, maana wengi wananiandikia "dokta kuku wanakufa dawa gani" basi, hapo nianzie wapi. Ila ile sentensi yako ya mwisho kuhusu maji ya njano uliyoitupia pale mwishoni kama kitu kidogo ndo ingetakiwa iwe ya kwanza. Tutairudia.

Tuanze na hicho kifo cha ghafla. Ni kweli kipo, broila anakula vizuri, anatembea, mara analia, anapigapiga mabawa, anageuka chali, dakika haijaisha kashakufa. Na kweli kinapenda madume yenye mwili. Lakini angalia hesabu yako. Ugonjwa ule unaokota mmoja leo, mmoja baada ya siku kadhaa, na kwenye kundi zima mpaka linauzwa unaondoka na asilimia moja hivi, mbili, ikizidi sana nne. Wewe umepoteza 11 kati ya 120, yaani asilimia 9, kwa siku sita tu. Haiendani. Na hiyo ya kulala chali isikudanganye, kuku yeyote anayekufa huku anapigapiga mabawa anaweza kuishia chali, hata wa joto, hata aliyekosa hewa. Chali ni namna alivyoanguka, haikwambii kilichomuua.

Kideri nacho sikioni hapa. Kideri kikiingia banda huwa hakichagui vibonge, kinapiga wadogo kwa wakubwa, chakula kinabaki kwenye fida (vyombo vya kulia), utasikia wanakoroma, utaona kinyesi cha kijani, na baada ya siku kadhaa wapo waliopinda shingo. Gumboro vilevile, siku zako 33 ziko ndani ya umri wake, lakini gumboro ina tabia yake, vifo vinapanda haraka siku ya tatu ya nne halafu vinashuka vyenyewe ndani ya wiki, na kundi zima linazubaa manyoya yamesimama na kinyesi cheupe cha majimaji. Kwako wanakula. Kundi linalokula vizuri jioni halafu asubuhi wale walioshiba kuliko wote ndo wamekufa, mimi akili yangu haiendi kwenye virusi kwanza, inaenda kwenye moyo, hewa na joto.

Sasa turudi kwenye yale maji. Nyongo ni kijani iliyokolea na ni kidogo sana, ikipasuka inachafua maini na utumbo wa jirani, haijazi tumbo. Ulichokiona wewe, maji ya njano kama chai ya rangi nyepesi, pengine na mabonge mabonge kama jeli, hayo ni maji yaliyovuja kutoka kwenye maini, na kwa broila wa umri huo jina lake ni asaitisi, wengine tunaita tumbo maji tu. Na wala siyo ugonjwa wa kuambukiza.

Inakuwaje. Kifaranga wa broila anaanza na gramu 40 hivi, wiki ya tano ana kilo mbili na kitu, yaani kazidisha mwili wake mara hamsini, lakini mapafu na moyo havijakua kwa kasi hiyo. Mwili mkubwa unataka oksijeni nyingi. Baridi ikiongezeka anataka nyingi zaidi maana anaichoma kupata joto. Halafu wewe kwa nia njema kabisa unashusha maturubai pande zote na kuweka jiko ndani, na jiko nalo linakula oksijeni ile ile. Moyo unaanza kusukuma damu kwa nguvu kwenye mapafu ambayo hayatanuki, upande wa kulia unavimba, unachoka, unalegea, damu inarudi nyuma inajaa kwenye maini, maini yanavuja maji tumboni. Ndo maana wanakufa vibonge, na ndo maana madume, kwa sababu ndo wanaokua kasi. Na ndo maana antibaiotiki haijafanya kitu, hakuna mdudu wa kuua hapo.

Lakini mmoja hatoshi, na sitaki uniamini kwa kusoma tu. Kesho wakifa, wapasue watatu, tena waliokufa ndani ya saa chache, siyo wa jana mchana aliyeshaanza kuwa kijani tumboni, huyo atakudanganya kila kitu. Vaa glovu na barakoa, mloweshe manyoya kwa maji ya sabuni kwanza ili vumbi lisiruke, mlaze chali, vunja mapaja yabaki yamelala pembeni ili asigeukegeuke, kata ngozi chini ya kidari uifunue kuelekea kifuani. Kabla hujagusa kiungo chochote chungulia kama kuna maji, yakoje, kiasi gani. Kisha toa moyo, uoshe, ukate kwa kuupitisha kisu katikati kama unavyokata kitunguu. Upande wa kushoto una ukuta mnene, wa kulia kwa kawaida ni mwembamba kama utepe uliokumbatia mwenzake. Ukikuta wa kulia umetanuka na umelegea moyo mzima unakuwa kama kifuko, na maini yamevimba kingo zimekuwa butu, jibu umelipata.

Hapo hapo angalia vingine maana sijafunga mlango. Moyo na maini vikiwa vimefunikwa na utando mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, hiyo ni ya bakteria, mara nyingi yule anayeitwa ikolai, na huwa inakuja nyuma ya hewa mbaya kwa hiyo usishangae ukiikuta pamoja na tumbo maji. Fungua zile pembe mbili za mwisho wa utumbo, damu mle ndani ni koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Utumbo mwembamba umevimba gesi na ndani ni kama taulo chafu, hiyo ni shida nyingine kabisa ya tumbo. Madoadoa ya damu kwenye nyama za mapaja na kile kifuko kidogo kilicho juu ya kinyeo kimevimba, rudi kwenye gumboro hata kama ulichanja, chanjo iliyokaa juani au kuchanganywa na maji yenye klorini ni sawa na hukuchanja. Na kama hakuna maji tumboni, gole (kile kifuko cha chakula shingoni) limejaa, utumbo umejaa chakula, mwili mzuri, huyo ndo wa kifo cha ghafla uliyemsoma.

Moja nalitilia mkazo kwa sababu ya jiko lako: rangi ya damu. Damu na mapafu yakiwa mekundu ya kung'aa kama cheri, siyo ile nyekundu ya giza ya mzoga wa kawaida, hiyo ni sumu ya kaboni monoksidi, hewa ya mkaa isiyo na harufu wala rangi. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliitwa kwenye banda la hivi hivi, nikaandika dawa ya koksidiosisi kwa sababu ndo nilikuwa nimetoka kuisoma, wakafa wengine usiku ule ule, kesho yake mama mwenye kuku ananiambia hata yeye akiingia alfajiri kichwa kinamuuma. Hapo ndo nikaelewa. Wewe kichwa hakikuumi ukitoka bandani? Jibu hilo swali kabla ya yote, hiyo hewa inaua na watu. Na usijidanganye kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi ni salama, moshi unaisha lakini ile hewa inaendelea kutoka.

Leo usiku fanya hivi. Saa tano sita ingia bandani, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa kuku, kaa dakika tano. Macho yakiwasha basi amonia, ile hewa kali ya kinyesi, imeshapita kiwango, tena ukiwa umesimama usingeigundua, yenyewe inatoka kwenye maranda yaliyolowa hivyo kuku anailala usiku kucha. Sikiliza wanaohema kwa mdomo wakati ni baridi, kuku anahema hivyo wakati wa joto, akihema na baridi huyo ana shida ya hewa. Waokote walio pembeni wamekaa, waangalie upanga, umekuwa wa bluu bluu? Papasa tumbo, kama ni puto la maji na ngozi imekuwa nyekundu umempata. Huyo hatapona, hakuna dawa ya kuyarudisha yale maji, mchinje umfukie pamoja na waliokufa kwenye shimo refu, wasiliwe na mbwa, na wasiingie kwenye mauzo.

Kwa waliobaki, jiko litoke nje. Broila wa siku 33 mwenye manyoya yaliyoshiba anahitaji nyuzi 20, 21 hivi, siyo 32 za kifaranga wa wiki ya kwanza, na wengi mnaendelea kuwapikia kuku wakubwa kama bado wako bruda, kile chumba cha joto cha vifaranga. Maturubai yabaki chini lakini juu acha uwazi wa futi moja pande zote mbili, hewa chafu ya moto inapanda inatokea huko na upepo hauwapigi kuku migongoni. Maranda yaliyoganda yatoe, weka makavu, unene wa kiganja. Kama ni usiku sana na baridi imezidi ongeza maranda, usizibe hewa.

Chakula punguza kasi. Toa fida jioni uzirudishe alfajiri, zima taa wapate giza la saa sita, maji wasikose. Asubuhi rudisha fida zote kwa mkupuo ili wasikanyagane. Kama unawapa chakula cha dukani cha punje, wape cha unga, wanakula taratibu. Wataongezeka uzito polepole kidogo, najua inauma karibu na kuuza, lakini kuku wa kilo mbili aliye hai anakushinda wa kilo mbili na nusu aliye shimoni. Na waliofika uzito na wako wazima usiwasubirishe, anza kuwapunguza ila soma kopo la hiyo antibaiotiki, ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja na zinahesabiwa kuanzia dozi ya mwisho. Kama ni asaitisi peke yake usiongeze dozi nyingine ya bure.

Halafu niambie chakula unachanganya mwenyewe? Maana chumvi ikizidi nayo inaleta maji tumboni hivi hivi. Inatakiwa kama gramu 300 kwa kilo 100, na kama unaweka unga wa samaki kumbuka huo nao una chumvi yake, kwa hiyo ipunguze. Na usichanganye dawa dawa, kuna dawa ya mafua inaitwa tiamulini, ikikutana na monensini ambayo mara nyingi iko tayari kwenye chakula cha dukani kuzuia koksidiosisi, kuku wanapooza miguu na kufa.

Kitu kimoja kikibadilika uache kupasua kabisa: ukiamka ukute wamekufa kwa makumi usiku mmoja, au vichwa vimevimba na miguu ina damu chini ya ngozi. Hapo funga banda, usiuze, usimpasue hata mmoja, mpigie simu afisa mifugo wa serikali siku hiyo hiyo, mafua ya ndege yanaingia mpaka kwa binadamu.

Ukimaliza wale watatu nitumie picha ya moyo uliokatwa, maini, na zile pembe za utumbo zikiwa wazi, pamoja na idadi ya waliokufa kila siku tangu siku ya kwanza na saa ulizowakuta. Kama kuna maabara ya mifugo unayoweza kufika peleka mizoga miwili mibichi kwenye boksi la barafu, usiigandishe, ikigandishwa inaharibika hawaoni kitu.