Springi za nyuma za Benz W123, usinunue kwa macho

Wenye W123, ile Mercedes ya zamani, mnaijua hii hali, gari limekaa kitako nyuma na tairi za nyuma zinalika upande wa ndani tu. Yangu ilikuwa hivyohivyo na kila fundi anataka kubadilisha shokapu. Jamani, shokapu haibebi gari! Kazi yake kutuliza mtikisiko, uzito unabebwa na springi, na springi ikichoka mkono wa nyuma, kile chuma kinachoshika gurudumu, unapanda, tairi linalala kwa ndani, ndo maana linalika vile.

Kabla hujatoa hela cheki ile raba inayokaa juu ya springi. Ina vinundu pembeni, vikiwa vingi ujue raba ni nene. Mara nyingi utakuta imepasuka au imebonyea, na milimita chache pale zinaonekana zaidi kwenye tairi kwa sababu springi haikai usawa wa gurudumu, imekaa huku ndani katikati ya mkono.

Sasa springi zenyewe. Ukienda kwenye spea za mtumba unaambiwa "hii ya W123" basi, umalize. Muulize ya saluni, ile yenye buti la kawaida, au ya steshen, ile ndefu ya mizigo nyuma? Steshen ya W123 nyuma ina haidroliki inayosaidia kunyanyua gari, kwa hiyo springi zake ni laini, ukizifunga kwenye saluni gari litakaa chini kuliko hata mwanzo.

Halafu kuna wale wa "weka ngumu mkuu, barabara zetu mbovu". Mi siafiki, labda kama buti lako kila siku lina mzigo. Waya wa springi ukitoka milimita 13 ukawa 14, mengine yote yakiwa sawa, ugumu unaongezeka karibu theluthi, yaani kilichokufanya ununue Benz ndo umekiua, kila tuta unalisikia kiunoni. Kwa hiyo nenda na vernia, kile kipimio cha unene, pima waya palipo safi bila kutu, hesabu mizunguko, linganisha na ya kwako. Iliyokatwa mzunguko usichukue, nayo inakuwa ngumu halafu fupi.

Nunua pea, na fundi awe na kibanio chake cha springi, asiifunge kwa waya, ile kitu ikifyatuka inaua. Ukishafunga endesha siku kadhaa, jaza tanki, buti tupu, simamisha sehemu tambarare upime kimo cha gari kushoto na kulia. Kama kimo bado kimezidi au kimepungua kidogo, badilisha raba tu, springi ziache.