Jibu: Mkataba wa kusambaza unga, mnunuzi kaandika jina la duka tu

Habari mkuu. Umeuliza kama usaini mkataba wa kusambaza unga wakati mnunuzi ameandikwa kwa jina la duka pekee. Usisaini kwanza. Pekua usajili wake BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara Tanzania, ujue ni kampuni au ni jina la biashara. Jina la biashara si mtu kisheria, deni ni la mmiliki, kwa hiyo yaandikwe majina yake matatu, kisha "anayefanya biashara kwa jina la..." Kama ni kampuni, jina lifanane herufi kwa herufi na cheti cha usajili, na asiye mkurugenzi alete azimio la bodi linalomruhusu kusaini.

Kwenye mkataba ulioubandika, kipengele cha "malipo baada ya mzigo kupokelewa" ndicho kinachonitisha zaidi. Umepokelewa na nani, lini? Andika: siku 14 tangu hati ya kupokelea mzigo isainiwe, ikionyesha idadi ya mifuko na uzito. Weka pia mwisho wa kukataa mzigo, saa 48 hivi, la sivyo utarudishiwa unga wenye wadudu wa stoo yake. Jedwali la bei lisainiwe kila ukurasa, maana kurasa hubadilishwa.

Kipengele cha adhabu hukukiweka kwenye swali lako, kibandike tukione.