Mipango miji si kuchora ramani tu

Mdogo wangu, umeuliza kama kusomea mipango miji na mikoa ni kuchora ramani tu. Kuchora ndiyo sehemu rahisi! Dar es Salaam ilipata mipango kabambe, yaani mipango mikuu ya kuongoza ukuaji wa jiji, mwaka 1949, 1968 na 1979, lakini watu walijenga kabla viwanja havijapimwa; eneo la Manzese jijini humo lilikua hivyo. Kwa hiyo kazi kubwa siku hizi ni urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango ili yatambulike kisheria: unakaa na wananchi na mwenyekiti wa mtaa, mnabishana nani amege kiwanja chake ili gari la zimamoto lipate njia. Hapo unahitaji subira na kuijua sheria ya ardhi. Upande wa mikoa utagusa zaidi maji, barabara na uchumi wa wilaya nzima. Anza kuulizia Chuo Kikuu Ardhi. Kama huwezi mikutano mirefu, bora upimaji ardhi.