Breki kutoa moshi mteremko wa Mazeras

Ndugu yangu, umesema breki za trela zilitoa moshi ukishuka Mazeras kuja Miritini, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, na utingo akakwambia uweke nyutro, yaani utoe gia, uokoe dizeli. Tafadhali usimsikize! Ukiweka nyutro injini haikushikilii tena. Uzito wote unabebwa na breki, zinapata moto na mwishowe hazishiki hata ukanyage vipi. Punguza gia kabla mteremko haujaanza, maana lori likishachukua kasi gia ya chini huenda ikakataa kuingia. Breki kanyaga kwa vipindi, usizilalie. Zikitoa moshi tena, egesha pembeni zipoe zenyewe, usizimwagie maji. Na kabla hujatoka bandarini kagua kufuli zinazoshikilia kontena kwenye trela, zote nne. Kontena likichomoka kwenye kona, wanaoangukiwa ni abiria wa matatu na bodaboda.