Swichi ya antena isiyozima

SWALI: Ndugu Mhandisi, nimeunda swichi ya kuchagua kati ya antena mbili za kipokezi changu cha megahezi 7. Kwa kuwa nilitaka ukinzani mdogo kabisa, nilitumia mosfeti (aina ya transista) ya IRFZ44N niliyoitoa kwenye inveta mbovu, ambayo ikiwashwa ina ukinzani wa omu 0.0175 tu. Ajabu ni kwamba nikiizima, stesheni zinaendelea kusikika karibu kama kawaida. Je, transista imekufa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Transista yako ni nzima, ila umeipa kazi isiyo yake. Ukinzani wake ni mdogo kwa sababu ndani yake kuna vijitransista vingi mno vilivyounganishwa sambamba, na kila kimoja kinachopunguza ukinzani huongeza kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji, ambao hupitisha mawimbi ya redio) kati ya dreni na sosi, yaani miguu miwili ambako mawimbi huingia na kutoka. Karatasi ya vipimo inataja takriban pikofaradi 360, nazo kwa megahezi 7 huzuia mawimbi kama omu 63 hivi. Katika mfumo wa omu 50, yaani antena na kipokezi vyenye omu 50 kila kimoja, asilimia 85 ya volti hupenya hata swichi ikiwa imezimwa. Tena kipimo hicho huchukuliwa dreni ikiwa na volti 25, ilhali swichi yako inakaa karibu na volti sifuri, ambako kapasitansi huwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo usitafute ukinzani mdogo peke yake. Angalia pia kapasitansi ya kuzimwa, kisha uchague transista ambayo yote mawili yanafaa masafa yako. Hata hizo omu 0.0175 hukuzipata, kwani sentimita moja ya mguu wa transista ina indaktansi (tabia ya waya kuzuia mawimbi) ya takriban nanohenri 10, ambayo kwa megahezi 7 ni karibu omu 0.44, yaani zaidi ya mara 20 ya ukinzani uliokuvutia.

Jaribu 2N7000, ambayo ni ndogo na rahisi. Ukinzani wake haupiti omu 5 geti (mguu unaoiwasha na kuizima) ikiwa na volti 10, na hasara yake ni asilimia 5 tu ya volti, kiasi ambacho sikio halitambui. Kapasitansi yake haizidi pikofaradi 25 kwa kipimo kilekile cha volti 25, hivyo ikizimwa hupitisha kama asilimia 11. Kiasi hicho bado ni kikubwa, na hapa ndipo ilipo siri ya swichi nzuri: weka 2N7000 ya pili upande wa kipokezi, sosi yake ikiunganishwa moja kwa moja na ethi, na geti yake ikiendeshwa kinyume na ya kwanza, ili ya kwanza inapozima, ya pili iwake na kuyamwaga kwenye ethi mawimbi yaliyovuja. Kinachobaki ni kama asilimia moja. Geti ya kila moja ipitie rezista ya kiloomu 10, na miguu yote ikatwe fupi kabla ya kulehemu.

Mpangilio huu ni wa kupokea tu. Ndani ya mosfeti mna dayodi (njia ya umeme ya upande mmoja) kati ya sosi na dreni, na mawimbi yanayozidi volti 0.6 huifungua hata geti ikiwa haina volti, kwa hiyo kama antena hiyo utaitumia pia kurushia, tumia rilei (swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme), kama ninavyofanya mwenyewe.