Mwalimu, mtoto wangu aanzie wapi?

SWALI: Mwalimu, kijana wangu ana miaka 11 na anatamani kuandika programu za kompyuta. Kaka yake aliye chuo kikuu anamwambia aanze na lugha ya C, ati zile rahisi ni michezo ya watoto. Ni kweli? – Mama wa Ruashi, Lubumbashi

JIBU: Hapana, mama. Kaka anamtakia mdogo wake mema, lakini C ilitungwa kwa ajili ya kuandika mfumo unaoendesha kompyuta yenyewe. Mtoto ana haraka gani nayo?

Lugha rahisi nazo zilitungwa na wataalamu, tena kwa makusudi. John Kemeny na Thomas Kurtz, walimu wa hesabu katika chuo cha Dartmouth, Marekani, walileta lugha ya BASIC mwaka 1964 wakiwafikiria hata wanafunzi wa historia na fasihi. Ukiandika vibaya, mashine ilikujibu palepale, badala ya kusubiri kesho majibu ya kadi zako za matundu, zile zilizobeba maagizo ya kompyuta.

Ila moyo wangu uko kwa lugha ya Logo. Ilianza mwaka 1967, na mmoja wa walioitunga ni Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria. Humo unamwamuru kobe wa kwenye skrini atembee na kuchora. Hata kwa Kifaransa ipo: AV 100, kobe anaenda mbele hatua 100, TD 90, anageuka kulia digrii 90. Rudia mara 4, umepata mraba.

Jumamosi, hapa Katuba, sianzi na kompyuta. Nachora uwanjani kwa chaki, mtoto mmoja anakuwa kobe, mwenzake anaamuru. Msichana mmoja alitaka pembetatu yenye pande sawa. Shuleni amefundishwa kwamba kila pembe ni digrii 60, basi akaamuru TD 60. Kobe wake akazidi kwenda mbali. Akakasirika, akavua sandali, akatembea mwenyewe polepole. Kwenye kona akasimama: "Mwalimu, mimi nageuka kwa nje! Ni 180 kutoa 60, ni 120!" Sikumwambia kitu.

Mwanao aanze na Scratch, iliyotoka mwaka 2007. Anaunganisha vipande vyenye maagizo, hata kwa Kiswahili, na ikishawekwa kwenye kompyuta haidai intaneti. Baadaye Python, ya mwaka 1991, ambayo Guido van Rossum aliitunga baada ya kufanyia kazi ABC, lugha ya wanaoanza. Humo atamkuta kobe yuleyule.

Mlete Jumamosi saa tatu asubuhi. Kaka yake naye aje. Nahitaji mtu wa kuwa kobe.