Zima skrini kwanza, cheti baadaye

Dada, nimekuelewa: huu ni mwaka wa pili unaandaa kozi za mtandaoni, mwanafunzi asiyeona amekwama kwenye jaribio lako la kuburuta majibu, na sasa unauliza usomee cheti gani ili ubobee katika ujifunzaji jumuishi.

Cheti kisubiri. Pakua NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti kwenye Windows. Vaa spika za masikioni, zima skrini, weka kipanya kando, kisha fanya jaribio lako mwenyewe. Nilipolifanya la kwangu nilisikia "kitufe, kitufe, kitufe", bila kuambiwa ni cha nini, mpaka nikaona aibu. Siku ile ilinifunza kuliko semina zote nilizokaa.

Ukitoka hapo, soma WCAG 2.2 ya mwaka 2023, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandaoni zitumike na watu wenye ulemavu. Mwongozo huo unataka palipo na kuburuta pawe na njia ya kubofya tu, kila kitu kifanyike kwa kibodi, na maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5:1. Rekebisha kozi hiyohiyo, uhifadhi ilivyokuwa na ilivyo sasa. Waajiri huuliza hilo.

Ila angalia: maandishi chini ya video hayawatoshi viziwi wote. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na kwa wengi Kiswahili cha kusoma ni lugha ya pili. Hapo tafuta mkalimani, usibahatishe. Na mwenye ulemavu akikujaribia kozi, mlipe kama unavyomlipa mhariri.